Kuki za kivinjari: zilianzaje, na nani aliuacha mlango wazi?

Kila ukifungua tovuti siku hizi unapokewa na kibao: tunatumia kuki, kubali. Nina hakika unabonyeza "Kubali" bila kusoma, maana hata mimi hufanya hivyo, na kuandika programu za wavuti ndiyo kazi inayonilisha. Watu huniuliza: hizi kuki ni virusi? Zinasoma faili zangu? Zinaweza kuiba pesa kwenye simu? Jibu fupi ni kwamba kuki si programu. Ni kipande cha maandishi tu, hakiwezi kufanya lolote chenyewe. Jibu refu lina historia, na ndani ya historia hiyo kuna siku mambo yangeweza kufuata njia nyingine kabisa. Huko ndiko ninakotaka tufike.

(Wafasiri wa programu kubwa wameziita "vidakuzi". Neno si baya, na utalikuta kwenye mipangilio ya simu yako. Ila watu ninaofanya nao kazi husema kuki, nami nitasema kuki.)

Tuanze na tatizo lenyewe. Wavuti ambayo Tim Berners-Lee aliibuni kule CERN, Uswisi, karibu na mwaka 1990 ilikuwa ya kusomea nyaraka. Kivinjari kinaomba ukurasa, seva inautoa, mazungumzo yanaishia hapo. Ukiomba ukurasa wa pili sekunde tano baadaye, seva haijui kuwa ni wewe yule yule. Kwa wanafizikia waliokuwa wakibadilishana ripoti, hilo halikuwa na ubaya wowote. Lakini jaribu kuendesha duka kwa mtindo huo. Mteja anasema, nipe unga. Muuzaji anampa. Mteja anasema, niongezee sukari. Muuzaji anamkodolea macho: karibu, wewe ni nani? Unga gani?

Mwaka 1994 kampuni changa ya Netscape kule California ilikuwa inatengeneza kivinjari, na mmoja wa wateja wake alikuwa MCI, kampuni ya simu ya Marekani iliyotaka kufungua duka kwenye wavuti. MCI haikutaka seva zake ziwe zinahifadhi vikapu vya watu walioanza kununua wakaishia njiani. Kwa lugha ya dukani, hawakutaka kuweka daftari. Walitaka mteja mwenyewe abebe karatasi yake.

Kazi ikamwangukia Lou Montulli, kijana ambaye kabla ya hapo alishiriki kuunda Lynx, kivinjari cha maandishi matupu, akiwa Chuo Kikuu cha Kansas. (Lynx bado ipo. Ukiwa na muunganisho wa kobe na ukataka kusoma habari tu, ijaribu.) Mwezi Juni 1994 Montulli akapata wazo, na pamoja na mwenzake John Giannandrea wakaandika maelezo ya jinsi litakavyofanya kazi. Jina hakulibuni. Watu wa Unix tayari walikuwa wakiita kuki kifurushi kidogo cha data ambacho programu inapewa, inakitunza bila kukifungua, kisha inakirudisha kama kilivyo.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi hadi unashangaza. Seva inapotuma ukurasa, inaongeza mstari mmoja juu yake:

Set-Cookie: kikapu=47; path=/

Kivinjari kinauandika mstari huo pembeni. Kuanzia hapo, kila kinaporudi kwenye seva ile ile, kinasema chenyewe:

Cookie: kikapu=47

Basi. Hakuna zaidi. Ukiingia supamaketi na begi, mlinzi analipokea na kukupa kibao cha plastiki chenye namba. Kile kibao hakijui jina lako wala kilichomo begini, lakini ukikirudisha unapata begi lako, si la jirani. Kuki nyingi leo ni kibao cha namna hiyo: namba ndefu isiyo na maana kwa yeyote isipokuwa aliyeitoa.

Toleo la majaribio la kivinjari cha Netscape lilitolewa Oktoba 13, 1994 likiwa tayari na kuki ndani yake. Matumizi ya kwanza hayakuwa hata duka. Tovuti ya Netscape yenyewe ilitaka kujua kama mgeni amewahi kufika pale kabla. Mipaka iliwekwa: kuki moja isizidi kilobaiti 4, seva moja isipewe nafasi ya kuki zaidi ya 20, na zote kwa jumla zisizidi 300. Zilihifadhiwa kwenye faili la maandishi lililoitwa cookies.txt, na ungeweza kulifungua ukalisoma kwa macho yako, kama ungejua kuwa lipo.

Sasa hapa nataka usimame kidogo. Montulli amewahi kueleza kwamba kulikuwa na njia rahisi zaidi: kila kivinjari kipewe namba yake moja ya kudumu, na kiionyeshe kila kinakokwenda. Waliikataa njia hiyo, kwa sababu tovuti zote zingeiona namba ile ile na zingeweza kulinganisha habari za mtu mmoja. Ndiyo maana kuki ikafungwa kwa seva iliyoitoa. Duka la viatu likikupa kuki, gazeti haliwezi kuisoma. Watu wengi hudhani kuki ilibuniwa kwa ajili ya kuwafuatilia. Ni kinyume chake. Umbo lake lilichaguliwa ili kufuatilia kusiwezekane.

Ila walisahau picha.

Ukurasa wa wavuti haulazimiki kutoka seva moja. Maandishi yanaweza kutoka kwa mwenye gazeti, na picha ya tangazo ikatoka kwa kampuni ya matangazo iliyo mbali kabisa. Kivinjari kinapokwenda kuichukua ile picha kinazungumza na seva ya matangazo, na seva hiyo nayo ni seva kama nyingine, ina haki ya kukupa kuki. Mimi huiita kuki ya mgeni, kwa kuwa mwenyeji wako ni gazeti uliloliomba, na huyu mwingine amekuja na picha yake tu.

Tufuate hatua kwa hatua. Asubuhi unasoma habari za mpira, na ukurasa una tangazo kutoka kampuni X. X inakupa kuki namba 47. Mchana unasoma kuhusu dalili za kisukari kwenye tovuti nyingine, nayo ina tangazo la X. Kivinjari kinapoiomba picha kinarudisha kuki 47, na zaidi ya hapo kinataja angalau tovuti uliyokuwa unaisoma, maana ndiyo tabia yake ya kawaida. Jioni unaangalia bei za viatu, na X yupo tena. Gazeti halijui habari za kisukari. Tovuti ya afya haijui habari za viatu. X anajua yote matatu. Wala hahitaji picha uione: nukta moja isiyo na rangi, ya pikseli 1 kwa 1, inatosha. Sheria ya "kila seva na kuki yake" haijavunjwa hata mara moja. Imezungukwa.

Mtumiaji wa kawaida hakuambiwa lolote kati ya haya. Watu wengi walijua kuki zipo Februari 12, 1996, gazeti la Financial Times lilipoandika juu yake, na magazeti mengine yakafuata. Kelele zikaanza Marekani, na tume ya biashara ya huko, FTC, ikazijadili kwenye vikao vyake vya 1996 na 1997. Netscape ikaongeza kwenye Navigator 3.0 uwezo wa kukuonya kabla ya kupokea kuki. Niliwahi kuuwasha uwezo wa namna hiyo kwenye kivinjari cha zamani, na nakuambia, kurasa tatu tu zinatosha kukuchosha. Unaulizwa, unaulizwa, unaulizwa, mwishowe unauzima. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Wakati huo huo IETF, chombo kinachoandika viwango vya intaneti, kilikuwa na kikundi kinachoshughulikia kuki. Kilimtegemea hasa David Kristol wa Bell Labs, na Montulli mwenyewe alikuwemo. Walikwisha kuliona tatizo la picha. Februari 1997 wakatoa waraka uitwao RFC 2109, ukisema waziwazi kwamba kivinjari kisipokee kuki za wageni, au kama kitaruhusu, basi mpangilio wa mwanzo uwe ni kukataa, na anayezitaka aziwashe mwenyewe.

Hiyo ndiyo siku niliyokuwa nikiitaja. Waraka upo, umeandikwa na watu wanaojua wanachosema, akiwemo aliyebuni kuki. Vivinjari viwili vilivyokuwa vimeigawana dunia, cha Netscape na cha Microsoft, havikuufuata. Mlango ukabaki wazi.

Kwa nini? Montulli aliandika kumbukumbu zake mwaka 2013, na hakujificha: uamuzi wa kuziacha kuki za wageni ndani ya Netscape ulipita mikononi mwake. Hoja yake ni kwamba kampuni za matangazo zikifungiwa kuki zitatafuta njia nyingine ya siri zaidi, wakati kuki angalau unaweza kuziona na kuzifuta, na serikali inaweza kuwabana wakubwa wanaoonekana. Pia wavuti ilihitaji fedha za matangazo ili iendelee kuwa bure. Si hoja ya kijinga. Njia za siri zilikuja kweli: leo kivinjari kinaweza kutambuliwa kwa fonti zake, ukubwa wa kioo na mambo mengine madogo madogo, bila kuki yoyote. Lakini naona hoja hiyo inaruka kitu. Netscape ilikuwa ikiuza programu za seva kwa hao hao wenye tovuti zilizoishi kwa matangazo. Msomaji wa kawaida hakuwa mezani. Na uamuzi juu ya mpangilio wa mwanzo ndio uamuzi wenyewe, kwa sababu karibu hakuna mtu anayeugusa mpangilio wa mwanzo. Uliza fundi yeyote wa kompyuta.

Matunda yalionekana haraka. DoubleClick, kampuni ya matangazo ya New York iliyojengwa juu ya kuki za wageni, mwaka 1999 iliinunua Abacus Direct, iliyokuwa na hifadhi kubwa ya majina, anwani na manunuzi ya kaya za Marekani zilizoagiza bidhaa kwa katalogi. Mpango ulikuwa kuunganisha vitu hivyo viwili. Yaani kuki namba 47, ambayo mpaka jana ilikuwa namba tu, sasa ipate jina na nyumba. Watu walikuja juu, FTC ikafungua uchunguzi, na Machi 2000 mkuu wa kampuni akakiri kwamba alikosea na kuusimamisha mpango. Uchunguzi ulifungwa mwaka uliofuata. DoubleClick yenyewe haikufa: Google ilitangaza kuinunua mwaka 2007 kwa dola bilioni 3.1, na ununuzi ukakamilika 2008.

Niseme ukweli, kwetu hapa Kenya miaka hiyo habari za DoubleClick zilikuwa hadithi za mbali. Kuki iliyotuuma ilikuwa kuki ya mwenyeji, tena kwenye saiba. Ukiingiza nenosiri, seva haikuulizi tena kila ukurasa. Inakupa kuki inayosema "huyu tumeshamhakikisha". Kuanzia hapo kuki hiyo ndiyo wewe, na mwenye kuwa nayo ameingia kwenye akaunti yako bila kulijua nenosiri. Miaka ya katikati ya 2000 niliwahi kuketi kwenye mashine ya saiba mtaani, nikafungua tovuti ya barua pepe, na badala ya kuulizwa jina nikajikuta ndani ya sanduku la mama mmoja aliyekuwa akisubiri jibu la kazi. Alifunga dirisha dakika zake zilipokwisha, akaenda zake. Kufunga dirisha si kutoka. Nilibonyeza "Toka" kwa niaba yake. Aliyeketi baada ya mwingine angeweza kumjibu mwajiri wake.

Jambo hili lilifika hadharani Oktoba 2010, mtaalamu wa programu Eric Butler alipotoa Firesheep, kiongezo cha Firefox kilichonasa kuki za watu walio kwenye Wi-Fi moja isiyo na nenosiri. Bonyeza mara mbili, umeingia Facebook ya aliyeketi meza ya pili. Butler hakuwa mwizi. Alitaka kuziaibisha tovuti zilizokuwa zikilinda ukurasa wa kuingilia tu na kuiacha kuki itembee uchi kwenye hewa kwa muda wote uliobaki. Facebook ilianza kutoa HTTPS kama chaguo Januari 2011, na kuifanya mpangilio wa mwanzo kwa wote 2013. Umeona tena? Kati ya "chaguo" na "mpangilio wa mwanzo" pana miaka miwili na mamilioni ya watu.

Sasa kile kibao cha "Kubali" kilitoka wapi? Kilitoka Ulaya. Umoja wa Ulaya ulibadilisha sheria yake mwaka 2009, ukitaka mtu aombwe ridhaa kabla ya kuwekewa kuki zisizo za lazima, na nchi wanachama zikapewa hadi Mei 2011. Sheria kali zaidi ya data, GDPR, ilianza kutumika Mei 25, 2018, na ndipo vibao vikatapakaa hadi kwenye tovuti zinazosomwa Nakuru na Tanga, maana mwenye tovuti hawezi kujua kwa uhakika nani yuko Ulaya na nani hayuko. Oktoba 2019 mahakama kuu ya Umoja huo iliamua kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa alama si ridhaa. Ufaransa nayo ilitangaza Januari 2022 faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali kulihitaji mbonyezo mmoja na kukataa kulihitaji kadhaa.

Nia ilikuwa njema. Lakini unakumbuka onyo la Navigator 3.0? Ni lile lile. Ukimuuliza mtu jambo moja mara hamsini kwa siku, hupati ridhaa yake, unapata uchovu wake.

Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kwa sheria hiyo kitambulisho cha mtandaoni kinaweza kuwa data binafsi ikiwa kinaweza kumtambulisha mtu. Kamishna wa kwanza wa data aliapishwa Novemba 2020. Tanzania ilitunga sheria yake 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Kwa hiyo mwenye tovuti wa hapa nyumbani anayenakili kibao cha Ulaya bila kujua tovuti yake inatoa kuki gani asidhani amemaliza kazi. Nimekagua tovuti za namna hiyo: kuki 30 zinaingia kabla hata hujagusa kitufe.

Kilicholeta mabadiliko hasa ni kile kilichokataliwa 1997. Safari ya Apple, iliyotoka 2003, tangu miaka yake ya mwanzo ilikataa kuki za wageni bila kukuuliza. Thamani ya mpangilio huo unaijua kwa juhudi zilizofanywa kuuzunguka: mwaka 2012 Google iligunduliwa ikitumia fomu iliyofichwa kuihadaa Safari ipokee kuki zake, na Agosti mwaka huo ikakubali kulipa dola milioni 22.5 kumaliza kesi na FTC. Firefox ilianza kuzuia kuki za wafuatiliaji wanaojulikana kwa watumiaji wote Septemba 2019. Machi 2020 Safari ikazifunga kuki zote za wageni kabisa. Juni 2022 Firefox ikaanza kuipa kila tovuti chungu chake cha kuki, kwa hiyo X akija kwenye gazeti anapata namba moja, na akija kwenye duka anapata nyingine isiyohusiana na ya kwanza.

Ikabaki Chrome, kivinjari kinachotumiwa na watu wengi kuliko vyote duniani, mali ya kampuni inayoishi kwa matangazo. Januari 2020 Google iliahidi kuziondoa kuki za wageni ndani ya miaka miwili. Ikasogeza hadi 2023. Ikasogeza hadi 2024. Januari 2024 ilizifunga kwa asilimia 1 ya watumiaji kama jaribio, tukadhani sasa kumekucha. Ikasogeza hadi 2025. Julai 2024 ikasema haitaziondoa, badala yake watumiaji watapewa nafasi ya kuchagua, na Aprili 2025 ikasema hata dirisha jipya la kuwauliza halitakuwepo. Mpangilio ubaki ulivyo. Kuna sababu walizotoa, na wakaguzi wa ushindani wa Uingereza nao waliingia kati, wakihofia Google ingewanyima wapinzani kuki huku yenyewe ikijua mengi kupitia akaunti za watu. Si suala jepesi. Lakini kwa mtu mwenye simu ya Android mkononi, miaka 28 baada ya waraka wa Kristol na Montulli, jibu la swali la 1997 lilikuwa lile lile.

Ila swichi yenyewe ipo. Fungua Chrome, nenda kwenye mipangilio, kisha Faragha na usalama, utafute sehemu ya vidakuzi vya washirika wengine, uvizuie. Kuingia kwenye akaunti kutaendelea, vikapu vya maduka vitaendelea, kwa sababu hizo ni kuki za mwenyeji. Mimi nimezizuia kwenye mashine yangu ya kazi kwa miaka kadhaa, na kilichonigomea ni fomu moja ya malipo iliyopachikwa ndani ya ukurasa wa mtu mwingine. Niliiruhusu tovuti ile peke yake, nikalipa, nikaifunga tena. Na ukiwa kwenye kompyuta ambayo si yako, bonyeza "Toka" kabla ya kufunga dirisha. Yule mama wa saiba sikumjua jina, wala sikujua kama kazi aliipata.